Mgeni, Mwenyeji na Mnyama: Uhakiki wa Masimulizi ya Safari za Kaskazini-Mashariki ya Kenya

1.0 Utangulizi

Neno safari, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, liliingia katika Kiingereza katika karne ya 19. Lilipoondoka kwetu lilikuwa na maana ya mwendo wowote wa mtu kutoka mahali hadi mahali: wa mfanyabiashara, wa mwanafunzi, wa mwenye kwenda Hija, hata ule wa mwisho wa kwenda kaburini. Huko lilikokwenda likapunguzwa maana, likawa mwendo wa mgeni mwenye bunduki, na baadaye mwenye kamera, kuwaendea wanyama wa porini. Leo Mswahili akisoma tangazo la utalii hulikuta neno lake mwenyewe limerudi nyumbani likiwa halimhusu.

Makala haya yanachukulia kwamba badiliko hilo si la kileksika tu, bali ni la usimulizi pia. Katika safari ya maana ya kwanza, msafiri hupita katika nchi za watu. Huomba maji, hulala kwa watu, huulizwa habari za atokako. Katika safari ya maana ya pili, nchi haina watu: kuna msafiri na kuna mnyama, basi. Swali letu ni hili: masimulizi ya mtu kukutana na mnyama yanapata nini, na yanapoteza nini, mwenyeji anapoondolewa?

Wahakiki wengi wamekwisha kuyalaumu masimulizi ya namna hiyo kwa itikadi yake ya kikoloni. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haitoshi, kwa sababu inaiachia fani iende zake huku maudhui yakihukumiwa. Hoja yetu ni kwamba kumfuta mwenyeji ni kasoro ya fani. Mkutano wa porini una pande tatu, yaani mgeni, mwenyeji na mnyama. Upande mmoja ukikatwa, usimulizi hupungukiwa na mgogoro, na mahali pa ujuzi hujazwa miujiza. Ili kuthibitisha hoja hii tutaangalia matini kadhaa zinazohusu Garissa, nchi ya Mto Tana, na lile eneo pana la kaskazini ambalo serikali ya kikoloni ililiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini.

2.0 Mandhari na sheria yake

Kabla ya kuzihakiki matini zenyewe, ni lazima kuieleza mandhari, kwa sababu mandhari hiyo haikuwa ya maumbile peke yake. Waandishi wa safari waliopita kaskazini mwa Kenya hukubaliana katika jambo moja: upweke. Nchi ni kame, vichaka ni vya miiba, visima viko mbalimbali, na watu hawaonekani. Msomaji huachwa akiamini kwamba upweke huo umetokana na jua na mchanga.

Historia inasema vingine. Mwaka 1902 ilitungwa sheria iliyowezesha sehemu hizo kufungwa, mgeni asiingie bila kibali. Mwaka 1934 sheria nyingine ikaongeza mamlaka ya watawala juu ya mienendo ya wenyeji wenyewe. Baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa mwishoni mwa 1963, vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka 1991. Kwa hiyo, kwa karibu karne nzima, mfugaji wa Garissa, Wajir au Mandera alikuwa mtu ambaye kuhama kwake kulihitaji ruhusa, na hali kuhama ndiko kuishi kwake.

Jambo hili lina uzito kwa mhakiki. Mwandishi wa safari aliyetembea kwa uhuru katika nchi hiyo alitembea kwa kibali ambacho wengine walinyimwa. Upweke anaousifu ulikuwa umeandikwa kwanza katika vitabu vya sheria, kisha ndipo ukaandikwa katika vitabu vya safari. Arthur Donaldson Smith, Mmarekani aliyesafiri kutoka Somalia hadi Ziwa Rudolf (leo Turkana) katika miaka ya 1894 na 1895, alikiita kitabu chake cha mwaka 1897 kwa jina linalozitaja nchi hizo kuwa hazijulikani. Hazijulikani na nani? Msafara wake haukuweza kufika kisima hata kimoja bila mtu aliyekijua kisima hicho. Jina la kitabu linakana chanzo cha kitabu.

3.0 Kisa cha jina: hirola

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mnyama mmoja. Katika nyanda za mashariki ya Tana, kusini mwa Garissa hadi kuvuka mpaka wa Somalia, huishi swala mwenye rangi ya mchanga, pembe ndefu zenye umbo la kinubi, na mstari mweupe unaopita kati ya macho hata akaonekana kana kwamba amevaa miwani. Wenyeji walikuwa na majina yake: hirola, na kwa Wasomali arawla, jina linalofanana sana na lile la Hifadhi ya Arawale iliyotangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya swala huyo.

Mwaka 1888 mwindaji Mwingereza, H. C. V. Hunter, aliwapiga swala hao karibu na Tana. Mwaka uliofuata mtaalamu wa London, P. L. Sclater, akamweleza mnyama huyo kwa ulimwengu wa sayansi na kumpa jina la mwindaji. Tangu hapo vitabu vikasema kwamba amegunduliwa.

Tukilitazama tukio hili kama usimulizi, tutaona kwamba lina mwanzo, kilele na mwisho, na vyote vitatu ni vya mgeni. Mwanzo ni kufika kwake, kilele ni risasi yake, mwisho ni jina lake. Mnyama anaingia katika hadithi kwa kufa. Mwenyeji haingii kabisa. Msimulizi wa namna hii analazimika kuuonyesha mkutano kuwa wa bahati, kwa kuwa amekwisha kumwondoa mtu ambaye angaliweza kueleza kwa nini swala hao walikuwa mahali pale, msimu ule, katika nyasi zile.

Na maelezo yalikuwapo. Hirola ni mla nyasi fupi, na kwa vizazi vingi amelisha pamoja na ng'ombe wa wafugaji. Ugonjwa wa sotoka ulipowapiga ng'ombe katikati ya miaka ya 1980, uliwaangusha na hirola. Ndovu walipomalizwa na majangili, vichaka walivyokuwa wakivivunja vikastawi na nyasi zikapungua. Swala waliokadiriwa kuwa zaidi ya 10,000 katika miaka ya 1970 leo hawafiki 500. Hadithi ya hirola, basi, ni hadithi ya ng'ombe, ndovu, nyasi na watu, na ndani yake Hunter ni mpita njia.

4.0 Simba na msimulizi wake

Kitabu kilichoitangaza zaidi nchi hii duniani ni Born Free cha Joy Adamson, kilichotoka mwaka 1960 na kufanywa filamu mwaka 1966. Mumewe, George Adamson, alikuwa mkuu wa wanyamapori katika Jimbo la Mpaka wa Kaskazini. Kitabu kinafungua kwa kuueleza ukubwa wa jimbo hilo, uchache wa maendeleo yake, na wingi wa wanyama wake. Kisha kinaeleza jinsi, mwezi wa Februari 1956, George alivyompiga risasi simba jike aliyemrukia, akakuta watoto watatu. Mdogo wao ni Elsa.

Sifa ya kitabu hiki haipaswi kufichwa. Kabla yake, simba katika maandishi ya wageni alikuwa ama adui ama ngozi. Joy Adamson alimfanya mhusika: ana tabia, ana hasira, ana siku njema na siku mbaya, na wahusika wengine wanabadilika kwa sababu yake. Hayo ni mafanikio ya usanii, na ndiyo sababu kitabu bado kinasomwa.

Lakini tuirudie ile Februari. Kwa nini George alikuwa akiwafuata simba? Kitabu chenyewe kinajibu: Mborana mmoja alikuwa ameuawa na simba mla watu. Kifo cha mtu huyo ndicho kinachoianzisha hadithi nzima. Bila yeye Elsa hangepatikana. Hata hivyo hatajwi jina, hatuwaoni jamaa zake, wala hatujui alizikwa wapi. Anatumika kama ufunguo, na mlango ukishafunguka ufunguo unatupwa. Watu kama Nuru aliyewalea watoto wa simba na Makedde askari wa wanyamapori wamo kitabuni, na wanatajwa kwa upendo; lakini aghalabu wamo kama mikono inayobeba na kulisha. Wanayoyajua kuhusu simba hayageuki kuwa sauti ya pili katika usimulizi. Matokeo ya kifani ni kwamba nafsi ya kwanza inabaki peke yake na mnyama asiyesema, na kila swali kuhusu mnyama linajibiwa kwa hisia za msimulizi. Pale ambapo palihitajiwa mabishano pamewekwa machozi.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba maandishi ya George mwenyewe, Bwana Game ya 1968 na My Pride and Joy ya 1986, ni makavu zaidi na, kwa maoni yetu, yana uzito zaidi. Jina la kitabu cha kwanza linafaa kuchunguzwa: ni la lugha mbili, na neno la Kiswahili ndilo lililobeba mamlaka. Huyu ni bwana wa wanyama. Mwaka 1970 alihamia Kora, katika ukingo wa kusini wa Tana, akaanzisha kambi iliyoitwa Kampi ya Simba. Mwaka 1971 simba aliyemlea, aitwaye Boy, alimwua mfanyakazi mmoja wa kambi, na George akampiga simba huyo risasi. Hapo pande zote tatu zinakutana katika saa moja, na anayesimulia hana pa kukimbilia: hawezi kumpenda mnyama bila kuhesabu gharama, wala hawezi kumhukumu mnyama bila kujihukumu. Ni katika kurasa za namna hii kwamba masimulizi ya simba yanakuwa fasihi.

Tarehe 20 Agosti 1989 George aliuawa na majambazi huko Kora. Wafanyakazi wake wawili waliuawa pamoja naye. Ulimwengu uliandika habari za mtu mmoja. Ule ufunguo uliotupwa mwaka 1956 ulikuwa umetupwa tena.

5.0 Mto huohuo, usimulizi mwingine

Yawezekana mtu akasema kwamba tunawadai wageni jambo ambalo wenyeji nao hawakulifanya. Tushuke basi na Mto Tana huohuo kutoka Garissa hadi karibu na mlango wake, tukutane na Fumo Liyongo. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo anaikimbia mji na kuishi msituni pamoja na watu wa porini, Wadahalo na wenzao. Mtawala anawahonga watu hao wamwue. Wao wanabuni hila: wale kikoa, kila mmoja akwee mkoma kwa zamu aangushe makoma, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo akiutambua mtego anayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini.

Mkoma ni mti wa ukingo wa Tana. Unaota Garissa kama unavyoota karibu na bahari. Lakini katika utenzi huu haukuwekwa ili uipambe mandhari. Ni ghala la chakula lenye kanuni zake, na kanuni hiyo, yaani zamu ya kikoa, ndiyo inayogeuzwa kuwa mtego. Maumbile, sheria ya watu na hatari ya mgeni vimefungwa katika mti mmoja. Tena wenyeji hawakupambwa: wamehongwa, na wako tayari kuua. Kwa hiyo kudai upande wa tatu si kudai kwamba mwenyeji atukuzwe. Ni kudai kwamba awepo, mwema au mbaya.

Ng'ambo ya mpaka, Nuruddin Farah, mwandishi wa Kisomali aliyezaliwa Baidoa mwaka 1945, anakwenda mbali zaidi. Katika riwaya yake Secrets ya 1998, ndovu anasafiri mpaka nyumbani kwa mwindaji, anamwua, na kuzichukua pembe zilizokuwa zimehodhiwa humo. Wapo watakaoiita tashihisi tupu. Sisi tunaona kwamba mwandishi amebadilisha nafasi za pande tatu: msafiri ni mnyama, na mwenyeji ndiye anayetembelewa. Kwa kugeuza hivyo ameuliza swali ambalo kitabu cha safari hakiwezi kuliuliza, nalo ni iwapo mnyama ana dai juu ya mtu.

Wala ujuzi wa pande tatu haumo katika sanaa ya kubuni peke yake. Mwaka 1989 Hussein Isack, mtaalamu Mkenya, pamoja na mwenzake H.-U. Reyer, walichapisha utafiti juu ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya na ndege aongozaye watu kwenye nyuki. Walionyesha kwamba mtafuta asali asiye na ndege alitumia wastani wa saa 8.9 kuipata nyumba moja ya nyuki, na mwenye kuongozwa saa 3.2. Ndege huita, mtu hujibu kwa mluzi, mtu huvunja mzinga, ndege hula nta. Mtalii akimwona ndege huyo kichakani ataandika kwamba alisikia wimbo mzuri. Aliye na Mborana pembeni ataandika kwamba alikuwa akiitwa.

6.0 Mahakama na twiga mweupe

Matini mbili za karibuni zinaonyesha kwamba suala hili si la vitabu tu. Mwaka 1996 idara ya serikali ya wanyamapori iliamua kuwahamisha hirola kutoka Garissa kwenda Tsavo Mashariki, ili kuwaokoa. Kundi dogo lilihamishwa. Wakazi kadhaa wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kupinga, na mahakama ikaizuia idara hiyo kuendelea. Katika hoja zake mahakama ilizingatia kwamba kwa mila, wenye haki ya kuitumia ardhi wana haki pia ya vilivyomo, mimea na wanyama.

Kwa kawaida mhakiki wa fasihi hasomi mafaili ya mahakama. Hili linafaa kusomwa, kwa sababu ndani yake mwenyeji anaingia katika hadithi ya hirola kwa sauti yake mwenyewe, miaka 108 baada ya risasi ya Hunter. Na anachokidai ni cha kiusimulizi: kwamba mnyama huyu ana mahali, na mahali hapo pana watu, na hawezi kuchukuliwa kana kwamba ameonekana leo. Wapinzani wa uamuzi huo wana hoja pia: mnyama akitoweka, haki ya kuwa naye inakuwa haki ya kitu kisichokuwapo. Lakini ni baada ya hapo, si kabla, kwamba jamii ya Ishaqbini, huko Ijara, ilianzisha hifadhi yake, na mwaka 2012 ikawekwa ndani yake sehemu yenye uzio wa kuwakinga hirola na wanyama wakali.

Matini ya pili ni fupi. Mwaka 2017 filamu ya dakika chache ilionyesha twiga mweupe na mtoto wake huko Ishaqbini, ikatazamwa dunia nzima. Twiga anasimama, anamficha mtoto nyuma ya kichaka, anatazama. Hakuna mtu katika picha. Lakini taarifa ya shirika la uhifadhi lililoisambaza inakiri kwamba askari wa hifadhi walipashwa habari na wanakijiji. Yaani kulikuwa na msimulizi wa kwanza: mtu aliyerudi nyumbani kutoka malishoni au kisimani akasema ameona nini. Masimulizi hayo ya mdomo hatunayo. Tunayo picha tu. Mwezi Machi 2020 ilitangazwa kwamba mama na mtoto wameuawa na majangili, akabaki dume mmoja, ambaye mwishoni mwa mwaka huo alivishwa chombo cha kumfuatilia. Mnyama ambaye watu wa kijijini walijua alipo kwa kuulizana, sasa anajulikana alipo kwa setilaiti.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba masimulizi ya mkutano wa porini hupimwa vyema kwa kuuliza kama pande zake tatu zimo. Kigezo hiki kinatuwezesha kuisifu Born Free kwa alilofanya mwandishi wake juu ya Elsa na papo hapo kueleza ni wapi hasa inapodhoofika. Kinatuwezesha pia kuuweka utenzi wa Liyongo, riwaya ya Nuruddin, utafiti wa Isack na faili la mahakama katika mjadala mmoja, bila kudai kwamba ni vitu vya aina moja.

Kuna kazi inayotokana na hoja hii, nayo ni ya idara zetu. Wanafunzi wa uzamili huandika tasnifu juu ya wasafiri wa kigeni kwa kuwa vitabu vyao vimo maktabani. Wachungaji wa Ijara, Waboni waliokatazwa kuwinda tangu 1977, na askari wa hifadhi za jamii wana masimulizi ya hirola, simba na ndovu ambayo hayamo katika maktaba yoyote. Wengi wa wasimulizi hao ni wazee. Tusipoyakusanya, mhakiki atakayekuja atalazimika kuihakiki nchi hii kwa maneno ya wapita njia peke yao.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wameichukua methali hiyo kuwa ni sifa ya mgeni tu. Lakini kupona kwa mwenyeji kuna sharti: mgeni sharti afike mahali ambapo mwenyeji yupo. Akifika na kuandika kwamba hakukuta mtu, hakuna aliyepona.